Mswada wa ufadhili wa vyuo vikuu unapita wapi, na mzazi wa Likoni anaingilia mlango gani?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Likoni, hapa Mombasa, Kenya, naye ameliandika hivi: "Assalaam aleikum wakili. Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi vya karai. Binti yangu ameitwa chuo kikuu bara, akawekwa bendi ya nne, na sehemu tunayotakiwa kulipa nyumbani siiwezi. Redioni nasikia kuna mswada wa kubadilisha ufadhili wa elimu ya juu. Kila mtu ananiambia lake: huyu asema umeshapita, yule asema uko kwa Rais, mwingine asema mahakama imeufuta. Nataka kujua mswada kama huo hupitia wapi mpaka uwe sheria, kama mtu kama mimi ana la kusema, na je, niungoje au nikope nilipe?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye tarehe: usingoje. Hata mswada huo ungepita leo jioni, pesa zake zisingemfikia binti yako muhula huu, na sababu utaziona huko mbele. Ombi la mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, liwe limejazwa, rufaa ya kupinga bendi, yaani daraja la uwezo wa kulipa mlilowekwa, iwe imeingizwa, na fomu za basari ziwe zimefika zinakotakiwa. Ukishamaliza hayo, ndipo tukae tuzungumze habari ya mswada, na tuizungumze kwa kina, kwa sababu mtoto wako ana miaka kadhaa ya chuo mbele yake, na sheria itakayopita katikati ya miaka hiyo itamkuta darasani.

Hao waliokupa habari tatu tofauti huenda hakuna mwongo kati yao. Wanachanganya sera, mswada na sheria. Mfumo uliomweka binti yako bendi ya nne ulitangazwa na Rais tarehe 3 Mei 2023, ukaanza na wanafunzi waliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya 2022. Ulikuja kama sera. Uliegemea sheria zilizokuwapo, ile ya mwaka 1995 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB, na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliyounda Hazina ya Vyuo Vikuu. Wenyewe haukupitishwa bungeni kama mswada unaojitegemea. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo huo unakiuka Katiba na unabagua. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo hadi rufaa isikilizwe, ndiyo maana bendi ziliendelea kutumika. Kwa hiyo aliyekwambia mahakama imefuta, alikuwa akizungumzia mfumo. Mswada ni kitu kingine.

Nataka uone kwa nini tofauti hii inagusa mfuko wako. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Kwa mgawanyo wa bendi tano uliotumika 2024, familia ya bendi ya kwanza hulipa asilimia 5, yaani 10,000. Bendi ya nne hulipa asilimia 30, yaani 60,000. Bendi ya tano, asilimia 40, ni 80,000. Kati yako na jirani yako wa bendi ya kwanza pana shilingi 50,000 kila mwaka, na pengo hilo limetokana na majibu ya fomu ya kuomba ufadhili: mko wangapi nyumbani, mtoto alisoma shule gani, wazazi wana hali gani. Asilimia hizo hazikuandikwa ndani ya sheria iliyopitishwa na Bunge. Waliozitangaza ndio wanaoweza kuzibadilisha, kwa tangazo jingine. Mswada wa ufadhili una thamani kwa mzazi kwa sababu hiyo kwanza: unaweza kuyafunga maneno haya mahali ambapo hayahamishwi kwa hotuba.

Sasa njia yenyewe. Mswada wa serikali huanzia Wizara ya Elimu, huandikwa kisheria na wataalamu wa Mwanasheria Mkuu, huidhinishwa na Baraza la Mawaziri. Waziri wa siku hizi si mbunge, kwa hiyo hawezi kuuwasilisha yeye mwenyewe. Huletwa bungeni kwa jina la Kiongozi wa Wengi, yaani mbunge anayeongoza upande wenye wabunge wengi. Mbunge wa kawaida naye anaweza kuleta wake, lakini hapo hukutana na kizingiti ambacho wapiga kura wengi hawakijui. Kifungu cha 114 cha Katiba chasema Bunge la Taifa haliwezi kuendelea na mswada unaogusa kodi, mikopo ya serikali au mzigo kwa hazina ya umma mpaka kamati inayohusika itoe pendekezo lake, baada ya kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Mswada wa kuwalipia wanafunzi ni mzigo kwa hazina ya umma, hauna namna ya kukwepa hapo. Ndiyo sababu mbunge anaweza kutangaza mswada mzuri wa mikopo mbele ya kamera, ukapokewa kwa vifijo, kisha mwaka ukapita hujausikia tena.

Na hapa Kiswahili chetu kinatutega. Redioni utasikia "Mswada wa Fedha", na watu hudhani ni huu. Mswada wa Fedha wa kila mwaka ni ule wa kodi, unaokuja pamoja na bajeti. Mswada wa aina ya kifungu cha 114 ni mswada wowote unaogusa pesa za umma kwa njia nilizozitaja. Ukisikia neno hilo, uliza unaozungumzwa ni upi kabla hujafurahi wala hujakasirika.

Mswada ukishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kanuni za Bunge hutaka siku zipite, kwa kawaida 14, kabla haujasomwa kwa mara ya kwanza. Kusomwa huko ni kutaja jina lake tu, hakuna mjadala. Siku hiyo hiyo hukabidhiwa kamati, na huu wa kwetu kwa kawaida huenda Kamati ya Elimu.

Tukae hapa kwenye kamati kidogo, dada yangu, kwa sababu mlango wako ni huu. Nimewaona wazazi wengi wakiamka mswada ukiwa umeshafika kwa Rais, wakati ambapo hata mbunge wao hawezi tena kubadilisha neno moja. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lifanye kazi yake wazi na liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku ya mwaka 2019, iliweka wazi kwamba ushirikishwaji huo lazima uwe wa kweli, watu wapate habari, wapate muda, na wanachosema kizingatiwe. Kwa hiyo kamati hutoa tangazo magazetini na kwenye mitandao ya Bunge, likitaja mswada, tarehe ya mwisho na anwani ya Karani wa Bunge la Taifa. Siku zinazotolewa ni chache. Tangazo lenyewe huchapishwa kwa herufi ndogo katikati ya zabuni na matangazo ya mnada, na muuza mahamri hana saa ya kupekua gazeti. Hilo linaniuma, nami nalisema waziwazi: nchi inayowataka wazazi wachangie asilimia 30 ya karo ina wajibu wa kuwafikishia tangazo msikitini, kanisani na sokoni.

Wengi husita kwa sababu ya lugha. Mswada huchapishwa kwa Kiingereza, na mtu akiona ukurasa wa kwanza tu anadhani hauko kwa ajili yake. Kifungu cha 120 cha Katiba kinazitaja lugha rasmi za Bunge kuwa ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Barua yako ya Kiswahili ina uzito uleule wa barua ya wakili wa Nairobi. Waandikie kwa Kiswahili chako cha Likoni, kile unachokitumia kumweleza mteja bei ya mbaazi. Mwombe binti yako akusomee vipengele vinavyomhusu, maana Kiingereza cha kuusoma mswada anacho, na wewe una maisha yanayoandikwa ndani yake.

Nikueleze nilichokiona mwenyewe. Katika kikao kimoja cha maoni, baba mmoja mvuvi alisimama akasema kipato chake cha kaskazi si kipato chake cha kusi. Ukimuuliza Januari, bahari imetulia, utamwita mtu mwenye nacho. Ukimuuliza Juni, hana hata ya mafuta ya mashua. Alitaka fomu iulize kipato cha mwaka mzima, kwa misimu, badala ya mwezi mmoja. Chumba kilinyamaza. Wasomi waliokuwa pale walikuwa wameleta kurasa na kurasa juu ya haki ya elimu chini ya kifungu cha 43, na zilikuwa kurasa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa ameiona bahari ndani ya ile fomu. Wewe una la namna hiyo. Mwezi wa Ramadhani biashara yako ya asubuhi hulala. Mvua za masika zikianza, karai ya jioni haina mteja. Asiyekuwapo na lake halipo, na fomu iliyoandikwa bila wewe itakuhesabia mwezi wako mnono.

Andika kwa ufupi. Ukurasa mmoja unatosha, na usianze na malalamiko. Taja namba ya kipengele, kinasema nini, kitakufanyia nini, na ungependa kisomeke vipi. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau, na ndilo kamati hulihitaji, kwa sababu kazi yake ni kupendekeza marekebisho ya maneno. Tuseme kipengele kinasema bodi itawapanga wanafunzi kwa uwezo wa familia. Wewe uandike: "Naomba kiongezwe kwamba mwanafunzi asiyeridhika atakata rufaa ndani ya siku 30, na bodi itamjibu kwa maandishi, ikitoa sababu zake, kabla ya chuo kufunguliwa." Sentensi moja kama hiyo ikiingia kwenye ripoti ya kamati, imefika mbali kuliko maandamano ya siku nzima. Sisemi watu wasiandamane. Ni haki yao. Nasema sentensi iende kwanza.

Baada ya ripoti ya kamati, mswada husomwa kwa mara ya pili, na hapo wabunge hujadili nia yake kwa jumla. Kisha hukaa kama Kamati ya Bunge Zima, wakipita kipengele kwa kipengele na kupigia kura marekebisho. Kusomwa mara ya tatu ni kura ya mwisho. Katika hatua hizi, sauti yako ni mbunge wako. Mombasa ina maeneo bunge sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, pamoja na mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Ni watu saba kati ya 349. Ni wachache, lakini marekebisho huweza kuletwa na mbunge mmoja tu aliyeyaandika na kutoa notisi. Akija mazishini au harusini, mpe karatasi mkononi badala ya kumpigia makofi.

Je, Seneti? Inategemea. Vyuo vikuu na taasisi za elimu ya juu ni kazi ya serikali kuu, lakini elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti. Mswada ukigusa vyuo hivyo vya kaunti, unahusu kaunti, na lazima upite Seneti pia. Maspika wawili huamua jambo hilo kwa pamoja. Mabunge yakikosana, kamati ya upatanishi yenye idadi sawa kutoka pande mbili hupewa siku 30, na isipoafikiana mswada umekufa. Si jambo la kupuuza: Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilifuta sheria 23 kwa sababu Seneti ilikuwa imerukwa, na kesi hiyo ikaendelea kupanda ngazi za rufaa kwa miaka.

Ukipita, huenda kwa Rais. Ana siku 14 za kutia saini au kuurudisha pamoja na maelezo ya asichokikubali. Bunge linaweza kuufuata ushauri wake, au kusimama na maneno yake kwa kura ya thuluthi mbili, na kwa Bunge la Taifa hiyo ni wabunge 233. Kumbuka Juni 2024: tarehe 25 wabunge 195 waliunga mkono Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga, na vijana wakajaa barabarani, hata hapa mjini kwetu. Siku iliyofuata Rais akatangaza hatausaini, akaurudisha akipendekeza vipengele vyote viondolewe. Kwa hiyo "umepita Bunge" na "ni sheria" ni mambo mawili, na damu ya watu ilimwagika katikati yake.

Rais akisaini, sheria huchapishwa kwenye Gazeti Rasmi ndani ya siku saba, na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe iwe imetaja tarehe nyingine. Soma tarehe hiyo. Waandishi wa sheria huweza kuandika kwamba itaanza siku Waziri atakayoitangaza, na siku hiyo ikachelewa sana.

Sasa nifikie pale nilipokwambia usingoje. Sheria ya ufadhili husema nani anastahili kulipiwa na ofisi gani itamlipia. Haitoi pesa. Pesa hutoka kwenye mfuko mkuu wa serikali kwa idhini ya sheria nyingine, ile ya mgao wa matumizi, inayopitishwa kila mwaka kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Makadirio hufika bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka kumalizika, yaani mwisho wa Aprili, na kamati ya bajeti nayo inatakiwa na Katiba kusikiliza maoni ya wananchi. Halafu hata kiasi kikishapitishwa, Msimamizi wa Bajeti lazima aidhinishe kila utoaji. Sheria isiyo na mgao ni sufuria safi juu ya jiko lisilo na moto. Mswada ukisainiwa Oktoba, mgao wa mwaka huo umeshagawanywa. Labda bajeti ya ziada isaidie, na hiyo nayo ina kikomo cha asilimia 10 ya kiasi ambacho Bunge liliidhinisha mwaka huo. Kwa hesabu ya kawaida, mwanafunzi wa kwanza kuonja sheria hiyo ni yule anayefungua chuo baada ya Julai inayofuata. Binti yako atakuwa anaingia mwaka wa pili. Ndiyo maana nakuomba uwe macho na Aprili na Mei kama ulivyo macho na matokeo ya KCSE. Vyuo vyetu vya hapa pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa (TUM) pale Tudor na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, hungojea mgao huohuo, na mgao ukichelewa, mwanafunzi ndiye anayezuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Na kuna hatua moja inayopita kimya kuliko zote: kanuni. Sheria itasema bodi iwapange wanafunzi kwa uwezo. Kiwango cha kila bendi, maswali ya fomu na muda wa rufaa Waziri ataviandika baadaye kwenye kanuni. Ngoma yenyewe inachezwa huko. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni za namna hiyo inataka ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na ipo kamati ya kuzichunguza yenye uwezo wa kupendekeza zifutwe. Zinatakiwa pia kupitia kwa watu zitakaowagusa. Kwa hiyo ukishaandika barua ya kwanza juu ya mswada, usidhani umemaliza. Sentensi yako ya kipato cha misimu huenda ikakataliwa kwenye sheria kwa kuwa ni ndogo mno, na ikakubaliwa kwenye kanuni kwa kuwa ndipo mahali pake.

Jambo la muda pia. Mswada ambao haujamalizika huondoka na Bunge lake. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na kadiri kampeni zinavyokaribia ndivyo viti vinavyobaki vitupu kwenye vikao. Wabunge 50 wanahitajika ili Bunge la Taifa liendelee na kazi. Mswada uliokwama kwenye kamati wakati huo huanza upya na Bunge jipya, na maoni yenu huenda yakahitaji kuandikwa upya.

Kwa hiyo wiki hii shughulikia rufaa ya bendi: toa ushahidi wa kipato cha mwaka mzima, hata daftari lako la madeni ya wateja ni ushahidi. Barua ya mswada iandike tangazo la kamati litakapotoka. Iwe na jina lako kamili, Likoni kama makao yako, na namba ya kipengele juu kabisa. Ukiipeleka kwa mkono, taka muhuri wa kupokelewa. Ukiituma kwa barua pepe, hifadhi ujumbe wa kupokelewa. Nakala moja ibaki nyumbani, pamoja na cheti cha binti, maana mambo yakifika mahakamani swali la kwanza huwa ni nani aliyesikilizwa, na lini.